Ukuta Haupasui Mgonjwa

Wakulima wa Naromoru, Warazo, Mweiga, Endarasha na Watuka, na nyinyi jirani zetu wa Lamuria na Solio, shauri la mwezi huu si la mbolea wala la dawa ya kupe. Ni shauri la kisu cha daktari. Yafaa kila mwenye shamba ajiulize leo, watu wa nyumba yake wangali wazima: mtu wangu akishikwa usiku huu na ugonjwa usiotibika ila kwa kupasuliwa, nitampeleka wapi, na huko nitamkuta nani?

Wengi watajibu kwa kutaja jina la hospitali. Hilo ni nusu ya jibu. Hospitali yaweza kuwa na mabati mapya, vitanda, hata chumba cha kupasulia chenye taa kubwa, na bado usiku ule isiwe na mtu wa kushika kisu wala wa kutoa dawa ya usingizi. Mgonjwa akifika mahali kama hapo huandikiwa barua na kurudishwa barabarani. Saa zinazopotea hapo ndizo zinazoua.

Tuanze kwa kumjua mtu tunayemtafuta. Mpasuaji wa jumla ni daktari aliyemaliza masomo ya udaktari, kisha akasomea upasuaji hasa. Kazi yake ni magonjwa ya matumbo, ngiri, tezi ya shingo, uvimbe wa matiti, vidonda vilivyooza, watu walioungua na watu walioumia. Mifupa ina bingwa wake na uzazi una bingwa wake, lakini katika miji midogo mpasuaji wa jumla ndiye anayeitwa kwanza kwa mengi ya hayo.

Magonjwa yanayomtaka mtu huyu ni ya namna mbili, na kila mkulima anapaswa kujua tofauti yake. Namna ya kwanza ni yale yanayoweza kungoja. Ngiri inayorudi ndani mtu akilala, tezi ya shingo isiyobana pumzi, uvimbe mdogo chini ya ngozi, hayo yaweza kungoja siku ya mpasuaji. Lakini uvimbe wa titi, hata usipouma, uonyeshwe daktari juma hili hili, kwa maana yaweza kuwa ni saratani. Namna ya pili ni yale yasiyongoja hata asubuhi. Utumbo uliojisokota, kidole tumbo kilichopasuka, ngiri iliyonaswa ikakataa kurudi, mtoto aliyekwama wakati wa kuzaliwa, mfupa uliovunjika na kutokeza nje ya ngozi, mkono ulioshikwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Hayo hayajui kama ni Jumapili au sikukuu.

Mwaka 2015 tume ya mabingwa iliyoitwa na jarida la Lancet la Uingereza ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoweza kulipa. Tume hiyo ilichagua kazi 3 za kupimia hospitali: kumpasua mama anayeshindwa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoka nje. Hospitali inayoweza hizo 3 yaweza na nyingine nyingi. Tena ikasema kwamba mtu asikae zaidi ya saa 2 kutoka hospitali ya namna hiyo. Basi pima mwenyewe. Kutoka lango la shamba lako, wakati wa mvua ya Aprili, bila gari lako mwenyewe, utafika wapi kwa saa 2?

Yafaa pia tujue kwa nini mpasuaji yuko mbali na mashamba haya. Sababu iko katika ardhi yenyewe. Wamisheni wa Scotland walijenga hospitali Tumutumu, na Wakatoliki wa Consolata wakajenga Mathari, mahali palipokuwa na watu wengi. Upande wa pili wa mlima, Dkt. Archibald Irvine alifika Chogoria mwaka 1922 akaanzisha hospitali ambayo ingali inafanya kazi. Kieni wakati huo ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya Wazungu, nyumba moja hapa na nyingine mbali kule. Mpango wa ekari milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba hayo yakapimwa, yakakatwa, watu wakapewa. Walikuja na majembe, ng'ombe na watoto. Lakini hospitali haikatwi ikagawiwa kama shamba. Ilibaki ng'ambo, Mathira na Nyeri mjini, na watu wa mashamba mapya wakawa ndio wenye safari.

Tulijibu jambo hilo kwa njia tuliyoijua, nayo ni Harambee. Twastahili sifa kwa hilo. Zahanati nyingi za sehemu zetu zina mawe yaliyobebwa na mama zetu na pesa zilizotolewa na watu maskini. Lakini Harambee ilitufundisha kufikiri kwamba kila shida huisha ukuta ukimalizika. Darasa likijengwa, mwalimu hupatikana. Zahanati ikijengwa, muuguzi hupatikana. Upasuaji si hivyo. Ndiyo maana nasema wazi, hata kama wengine hawatapendezwa: tukienda kwenye baraza la kaunti tusiombe tena chumba cha kupasulia kwa kila wadi. Tuombe vyumba vichache visivyolala, vyenye watu kamili, na njia ya kuvifikia.

Hesabu yake si ngumu. Juma lina saa 168. Mtu mmoja akifanya kazi saa 40 kwa juma, chumba kimoja kisicholala kinataka watu zaidi ya 4 kwa kila kazi. Mpasuaji peke yake hafanyi kitu. Anataka mtu wa kutoa dawa ya usingizi na kumlinda mgonjwa asikate pumzi. Anataka muuguzi wa kumpa vyombo na mwingine wa kuhudumu chumbani. Anataka mtu wa maabara wa kupima damu, na mtu wa kuchemsha vyombo. Anataka damu, oksijeni, maji na jenereta yenye mafuta. Hata wakikubali kuitwa usiku kutoka nyumbani, hawawezi kupungua 2 au 3 kwa kila kazi, maana watu hulala, huugua na huenda likizo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa gawa watu hao katika wadi zote. Kila mahali patapata mmoja, na mmoja hatoshi popote. Mpasuaji yupo, mtoa usingizi hayupo. Kesho mtoa usingizi yupo, mpasuaji ameenda semina. Chama cha maziwa hakinunui mtambo wa kupozea kwa kila boma. Huweka mmoja mahali pazuri, ukawa na umeme siku zote, na gari hupita kukusanya maziwa kwa saa zinazojulikana. Mkulima aliye mbali hapati mtambo mlangoni, lakini maziwa yake hayaharibiki. Afya ya watu haistahili mpango mbaya kuliko ule wa maziwa.

Tena tumfikirie mpasuaji mwenyewe. Kumfundisha huchukua muda kuliko mti wowote tunaopanda. Mkahawa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Mtoto wako akimaliza sekondari, atakaa Chuo Kikuu cha Nairobi miaka 6 kusomea udaktari, kisha mwaka 1 wa kazi chini ya wakubwa, kisha miaka 5 ya upasuaji. Hiyo ni miaka 12, bila kuhesabu miaka anayofanya kazi katikati. Mtu wa namna hiyo akipelekwa peke yake mahali pasipo mwenzake, akaitwa kila usiku, akaona mgonjwa akifa kwa sababu oksijeni imekwisha, hatakaa. Wanakijiji husema, "Amependa pesa za Nairobi." Huenda pesa zimo. Lakini mara nyingi amekimbia upweke na aibu ya kushindwa bila kosa lake. Mahali penye wapasuaji 3 ni rahisi kumpata wa nne. Mahali palipo na mmoja hupungua pakabaki bila hata huyo.

Kuna jambo jingine la kututia moyo. Zamani mtu aliyetaka kuwa mpasuaji hakuwa na budi kukaa katika hospitali ya chuo kikuu. Mwaka 1999 ilianzishwa COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, ambacho makao yake ni Arusha. Chuo hicho hakina madarasa makubwa. Daktari hujifunza akiwa kazini, katika hospitali iliyokubaliwa, chini ya wapasuaji wakubwa waliopo. Hii yaonyesha kwamba hospitali yenye kundi kamili haitibu tu, bali huzaa wapasuaji wengine. Na mtu hupenda kubaki mahali alipofundishwa na kuzoeana na watu.

Najua mkulima wa Nairutia au wa mpakani mwa msitu atasema, "Shauri hili lawafaa walio karibu na lami. Sisi wa mbali tutakufa njiani." Neno lake si la kupuuzwa. Vyumba vikiwa vichache, yeye ndiye anayelipa kwa mwendo. Kwa hiyo shauri hili halifai bila vitu vitatu vya kulitegemeza. Kwanza, gari la wagonjwa lenye mafuta na dereva usiku na mchana, na namba ya simu inayojibiwa. Pili, kituo cha afya cha karibu kiwe na mtu anayejua kusimamisha damu, kuweka maji ya mshipani, kumtuliza mgonjwa na kupiga simu mbele ili akifika apate kisu kimenolewa. Tatu, mpasuaji atoke mjini kwa siku zinazojulikana na kuwaona wagonjwa wanaoweza kungoja, ili mwenye ngiri wa Endarasha asipoteze siku 3 na nauli kwa kuangaliwa tu. Asiyetaka kulipia vitu hivyo vitatu asitumie maneno yangu kufunga chumba cha mtu yeyote.

Mambo haya si ndoto. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha hapa Kenya kazi ya madaktari wa ndege ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF. Waliona kwamba wapasuaji ni wachache na nchi ni pana, basi wakamchukua mpasuaji kwa ndege hadi alipo mgonjwa. Sisi hatuhitaji ndege kutoka Nyeri mjini hadi Mweiga. Tunahitaji gari na kalenda. Jirani zetu nao walitafuta njia yao. Tanzania, tangu miaka ya 1960, ilifundisha madaktari wasaidizi ambao wengi wao walipasua akina mama na wagonjwa wa dharura katika hospitali za wilaya. Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafundisha upasuaji watu wasio madaktari. Hapa kwetu maafisa wa kliniki na wauguzi waweza kusomea kazi ya kutoa dawa ya usingizi. Kaunti ikiwapeleka wachache kila mwaka kusoma, na kuwarudisha mahali walipotoka, pengo kubwa litazibwa kabla ya miaka 12 ya mpasuaji kwisha.

Wengine watasema shida ni malipo tu. Malipo ni shida, ndiyo, na watu wameuza ng'ombe wa maziwa, hata kipande cha shamba, kwa ajili ya kisu. Lakini tukumbuke kwamba Nyeri ilikuwa moja ya kaunti 4 zilizochaguliwa kwa majaribio ya matibabu bila malipo kuanzia Desemba 2018, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo. Fikiri: malipo yakiondolewa na wapasuaji wakabaki wale wale, kinachoongezeka ni foleni. Pesa na watu lazima viende pamoja.

Haya, sasa kuna kazi ya serikali na kuna kazi ya boma. Kazi ya boma isingoje ya serikali. Juma hili fanya hivi.

Jua milango miwili, si mmoja. Zahanati ni kiwango cha 2 na kituo cha afya ni kiwango cha 3, na hapo tumbo halipasuliwi. Upasuaji huanzia kiwango cha 4. Watu wa Kieni Mashariki wana hospitali ya Naromoru na, mbele kidogo, Nanyuki. Watu wa Mweiga na Endarasha hushuka hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nyeri, au Mathari. Walio upande wa Karatina wana hospitali ya Karatina na Tumutumu, na walio upande wa Othaya wana hospitali ya Mwai Kibaki. Chagua moja ya serikali na moja ya misheni. Madaktari wa serikali walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, aliyejua mlango mmoja tu alikwama. Wala usizuiwe na mpaka wa kaunti. Mtu wa Gakawa yuko karibu na Nanyuki kuliko Nyeri, na ugonjwa hausomi ramani.

Nenda ukaulize ukiwa mzima. Uliza, "Usiku na Jumapili, mnaweza kufungua tumbo? Nani hutoa usingizi? Msipoweza, mnapeleka wapi na kwa gari gani?" Andika majibu na namba za simu, uyabandike ukutani karibu na mlango. Mke, watoto na mfanyakazi wa shamba wote wayajue.

Mtu akijiita mpasuaji, mtafute katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Baraza hilo huonyesha madaktari wenye leseni na ubingwa wao. Daktari wa kweli hakasiriki akiulizwa jina lake kamili. Usilipe pesa za kisu katika chumba cha nyuma ya duka.

Jiandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024. Kwa asiye na mshahara, mchango hukadiriwa kwa asilimia 2.75 ya pato la nyumba, nao haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Hulipwa kwa mwaka, basi utenge wakati wa malipo ya kahawa au ya viazi, si siku mtu anapolia kwa maumivu. Vyama vya maziwa vyaweza kuwasaidia wanachama kwa kuweka akiba hiyo kidogo kidogo kila mwezi.

Jua ishara. Tumbo gumu kama ubao, kutapika bila kukoma, kukosa choo na hata upepo, ngiri iliyokuwa ikirudi na sasa hairudi tena na inauma: huyo aende saa ile ile. Usimpe chakula, chai, wala dawa ya kuendesha, kwa maana aendaye kupasuliwa yafaa tumbo liwe tupu. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi. Usitie udongo, majivu wala mafuta ya gari.

Tena tazama mashine yako ya kukatia majani. Funika meno yake, zima kabla ya kuondoa majani yaliyokwama, na usimwache mtoto aishike. Mkono ambao haukuumia hauhitaji mpasuaji.

Hiyo ndiyo kazi ya boma. Kazi ya baraza ni hii. Tangu 2013 hospitali nyingi za serikali ziko chini ya kaunti, na sheria yataka wananchi waulizwe kabla bajeti haijapitishwa. Mkutano ukiitwa, usiende kupiga makofi. Simama useme, "Hatutaki kuonyeshwa ramani ya jengo. Tuambieni mwaka huu mtaajiri watoa usingizi wangapi. Tuambieni gari la wagonjwa la Kieni lilikosa mafuta siku ngapi mwaka jana. Tuambieni mpasuaji atakuja Endarasha siku gani ya mwezi." Maswali hayo hayana utepe wa kukata wala jiwe la kuandikwa jina la mheshimiwa, ndiyo maana hayajibiwi mpaka yaulizwe na wengi. Chama chako cha maziwa kina wanachama wengi kuliko mkutano wowote wa siasa sehemu hizi. Kiende na maswali hayo kwa sauti moja, kila mwaka, mpaka yajibiwe.

Tulipewa mashamba, nasi tukajifunza kwamba ekari bila maji, mbegu na mikono si shamba. Chumba cha kupasulia ni vivyo hivyo. Ukuta tumejenga wa kutosha. Sasa tudai watu wa ndani yake.